Lisemwalo Lipo? Mdahalo wa Mwezini na Somo la Ushahidi

Muhula uliopita niliombwa kuwa jaji katika mdahalo wa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili. Mada ilikuwa "Binadamu hajawahi kukanyaga Mwezini". Nilikwenda nikitarajia burudani ya jioni. Nilirudi nyumbani na mzigo moyoni, kwa sababu ushindi niliwapa walioiunga mkono mada, hali nikijua kwamba wamekosea.

Walistahili alama zao. Walisema kwamba bendera inaonekana kama inapepea mahali pasipo upepo, kwamba picha hazina nyota, na kwamba mwaka 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, lilikiri kuwa kanda asilia za picha za Apollo 11 huenda zilifutwa na kutumiwa tena. Wakafunga kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wapinzani wao walikuwa na jibu moja tu, walilolirudia mara nne: "Kila mtu anajua kwamba walifika." Hiyo si hoja. Ukweli ulishindwa kwa kukosa mtetezi, nami kama mwalimu nikaona nina deni. Makala haya ni malipo yake.

Tuanze na tukio lenyewe. Apollo 11 iliruka Julai 16, 1969. Siku nne baadaye Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua Mwezini, huku Michael Collins akiuzunguka katika chombo kikuu. Armstrong alipokanyaga mchanga wa Mwezi, kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya Julai 21, saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Kufikia Desemba 1972, safari sita zilikuwa zimetua na watu 12 walikuwa wametembea huko.

Madai ya udanganyifu yalipata nguvu baadaye. Mwaka 1976 Bill Kaysing, Mmarekani aliyewahi kuwa mwandishi katika kampuni ya kutengeneza injini za roketi, alitoa kitabu kilichodai kwamba safari hizo zilikuwa maigizo. Wakati huo ulimfaa. Vita vya Vietnam vilikuwa vimefichua uongo mwingi wa wakubwa, na kashfa ya Watergate ilikuwa imemlazimisha Rais Nixon ajiuzulu mwaka 1974. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wananchi waliokwisha kudanganywa mara kadhaa hawakuona ajabu kudanganywa tena. Kwa hiyo tusiwacheke wenye shaka, maana shaka ni mlango wa utafiti. Kosa lao ni kusimama mlangoni bila kuingia ndani.

Tukiingia ndani tunakuta nini? Bendera ilishonewa kijiti cha kulala sehemu ya juu ili isining'inie, na mikunjo yake ndiyo inayodhaniwa kuwa ni upepo. Nyota hazionekani kwa sababu ardhi ya Mwezi ilimulikwa na jua kali. Kamera iliyopangwa kwa mwanga mkubwa haiwezi kunasa nukta hafifu, kama anavyojua mpiga picha yeyote. Kuhusu kanda, kilichopotea ni nakala yenye ubora zaidi; matangazo yenyewe yalirekodiwa na vituo vya televisheni na yapo hadi leo.

Lakini kujibu tuhuma hakutoshi. Mwanahistoria huuliza pia: nani alikuwa na uwezo wa kumuumbua mwongo, na nia ya kufanya hivyo? Katika Vita Baridi, shahidi huyo alikuwa Umoja wa Kisovieti. Ulikuwa na wataalamu na mitambo ya kufuatilia vyombo vya angani. Chombo chake kisicho na watu, Luna 15, kilianguka Mwezini Julai 21, 1969, Armstrong na Aldrin wakiwa bado huko. Kumwaibisha Mmarekani kungekuwa ushindi mkubwa. Badala yake, mwaka 1971 mahasimu hao walibadilishana sampuli za udongo wa Mwezi na kila upande ukachunguza za mwenzake. Mashine za Kisovieti zilileta jumla ya gramu 300 hivi katika safari tatu. Wamarekani walileta kilo 382 za mawe na udongo. Tena, kuanzia mwaka 2009, chombo kinachouzunguka Mwezi kimepiga picha za maeneo ya kutua. Vyombo vilivyoachwa vinaonekana, na hata njia zilizokanyagwa na miguu ya wanaanga.

Sasa turudi kwenye lugha, maana huko ndiko kwetu. Methali si ushahidi. Aliyesema "lisemwalo lipo" anaweza kujibiwa na aliyesema "njia ya mwongo ni fupi", na bado hakuna lililothibitishwa. Methali hupamba hoja iliyokwisha kusimama, lakini haiisimamishi. Vivyo hivyo maneno tunayoyazoea, kama vile "eti", "inasemekana" na "yadaiwa", humficha msemaji. Mwanafunzi akiandika "inasemekana", walimu tumuulize: imesemwa na nani, naye alijuaje? Na akiandika "kila mtu anajua", tumuulize maswali yale yale. Kauli hizo mbili ni mapacha, ingawa siku ile ziliketi pande mbili za ukumbi.

Nimeomba mada hiyo irudiwe muhula ujao, pande zikibadilishana viti. Walioshinda watalazimika kuutetea ukweli walioupinga, na walioshindwa watajifunza ugumu wa kuupinga ukiwa umejiandaa. Nitakuwa jaji tena. Safari hii methali itapewa alama za ufasaha tu.