Mshahara wa Kapera

Unga ukiisha tarehe 20, utaambiwa hujui kupanga bajeti. Mimi nabisha, na ushahidi wangu ni wa zamani.

Enzi za mkoloni, mshahara wa chini wa Mwafrika mjini ulipigiwa hesabu ya mwanaume mmoja, kapera, hata kama alikuwa na mke na watoto watano. Hao walitarajiwa kujilisha kwa shamba la ushago. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali hiyo hiyo, ilitaka mshahara uhesabiwe kwa mahitaji ya familia. (Wakati huo vita vya Mau Mau vilikuwa vimeshawaka.)

Uhuru ulikuja lakini shamba halikutoka kwenye hesabu. Mpaka leo shosho hututumia mahindi na maharagwe kwa basi. Julai 2022, uchaguzi ukikaribia, pakiti ya unga ya kilo 2 ilishushwa kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100. Baadaye ruzuku ikaondolewa. Hapo ni bajeti gani ungepanga? Kwetu tuliendelea kula gunia la shosho, ambaye hakuna mwajiri aliyewahi kumlipa.