Umeme wa Arua na Koboko na Historia ya Kupakia Upya Moduli za Kerneli

Historia ya kompyuta katika eneo la West Nile haitenganiki na historia ya umeme wake. Kwa miongo mingi eneo hilo lilikuwa nje ya gridi ya taifa ya Uganda. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo ilipewa idhini ya kulihudumia, na mwaka 2012 kituo cha maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kikaanza kazi. Hata hivyo, Arua na Koboko ziliendelea kuzoea kukatika kwa umeme.

Umeme unapokatika, seva hupoteza yote yaliyomo katika kumbukumbu yake ya muda. Mifumo ya faili yenye shajara, kama ext3 iliyoingia katika Linux mwaka 2001, iliundwa kuhimili pigo hilo. Lakini pigo hilohilo huficha kasoro nyingine: kumbukumbu iliyoazimwa na isirudishwe. Seva inayozimika kila siku haifikii siku ya kudaiwa.

Kasoro hiyo ilijificha pia katika maabara. Majaribio ya xfstests, yaliyoanzia kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wa XFS kisha yakapanuliwa kwa mifumo mingine, yalifuatana juu ya moduli iliyopakiwa mara moja. Mabaki ya jaribio moja yalichanganyika na ya mengine. Baadaye likaongezwa chaguo la kuiondoa moduli na kuipakia upya kati ya jaribio na jaribio. Moduli inapoondolewa, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hubomoa maghala ya kumbukumbu yaliyotengewa moduli hiyo. Kitu kikibaki ndani, hutoa onyo, na jaribio lililokiacha hujulikana. Kukatika kwa umeme hufuta ushahidi. Kuondolewa kwa moduli hudai hesabu.

Mbinu hii huongeza muda wa majaribio. Tena haiwezekani pale mfumo wa faili ulipojengwa ndani ya kerneli, au unapotumiwa na diski kuu ya mashine yenyewe.

Kadiri umeme unavyotengemaa, seva za hospitali na ofisi za wilaya zitakaa miezi bila kuzimika, na madeni yaliyofichwa yataweza kujitokeza. Kwa hiyo mikataba ya ununuzi wa mifumo haina budi kudai uthibitisho wa mambo mawili: kuhimili umeme kukatika, na kuhimili umeme kutokatika.