Bendera Iliyolazwa Ubavu

Vijana wengi hapa kambini wameiona filamu ya Lord of War, hata kama jina lake hawalijui. Ukiwaambia "ile inayoanza na safari ya risasi", watakujibu mara moja: "Aah, ile ya Nicolas Cage!" Na wanacheka. Mimi pia nilicheka. Ila leo naomba tuisome kama historia, maana ndani ya mzaha wake kuna mambo ambayo sisi watu wa Kivu tumeyalipia.

Filamu ilitoka mwaka 2005. Aliyeiandika na kuiongoza ni Andrew Niccol, mzaliwa wa New Zealand. Inamfuata Yuri Orlov, mhamiaji kutoka Ukraine anayeishi New York, ambaye anachoka na mgahawa wa wazazi wake na kuanza kuuza bunduki. Desemba 1991 Gorbachev anatangaza kwenye televisheni kwamba anajiuzulu. Yuri anaibusu ile televisheni! Amekwisha piga hesabu: dola la Kisovieti linakufa, maghala ya silaha yamebaki Ukraine, na jamaa yake huko ni jenerali.

Hapo sinema haikutunga sana. Silaha zilizowekwa kwa ajili ya vita kubwa ya Ulaya, ambayo haikuja, zilikosa mwenyewe, na askari waliozilinda walikuwa hawana mshahara wa maana. Zikatafuta soko. Miaka hiyohiyo kwetu mambo yalikuwa yanaharibika. Mwaka 1996 ikaja vita ya AFDL, na watoto tuliowaita kadogo wakabebeshwa bunduki karibu urefu wao. Mwaka 1998 ikaja vita ya pili. Sasa jiulize: Kivu ina kiwanda cha Kalashnikov? Haina. Basi kila moja ilifika kwa njia fulani, na kuna mtu alilipwa kuifikisha.

Njia yenyewe ndiyo filamu inaichekesha vizuri zaidi. Meli ya Yuri inafuatwa na wapelelezi baharini. Anaamuru jina la meli lipakwe rangi na kuandikwa jipya. Bendera inayotakiwa ni ya Uholanzi, nao hawana. Wanachukua ya Ufaransa, wanailaza ubavu. Basi, meli imekuwa ya Kiholanzi! Kibandani watu walipiga makofi. Lakini hivyo ndivyo biashara hii inavyokwenda kweli: ndege inabadilishwa usajili, kampuni inabadilishwa jina, hati ya mtumiaji wa mwisho inasema mzigo unakwenda nchi fulani, na mzigo unashuka kwingine.

Wengi wanasema Yuri amechorwa kwa kumtazama Viktor Bout, Mrusi aliyekuwa na ndege nyingi za mizigo na kituo chake Sharjah, kule Ghuba. Ripoti za Umoja wa Mataifa zilimtaja katika vita vya Angola, Sierra Leone na Liberia. Mwaka uleule filamu ilipotoka, aliwekwa kwenye orodha ya vikwazo vya Kongo. Alikamatwa Bangkok mwaka 2008, akahukumiwa Marekani miaka 25 mwaka 2012, na Desemba 2022 akabadilishwa na mchezaji wa mpira wa kikapu, Brittney Griner. Akarudi kwao.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa mtanivumilia. Imeandikwa pia kwamba ndege za Bout ziliwahi kukodiwa kubeba askari wa kulinda amani na mizigo ya misaada. Silisemi hili kumtukana mtu. Rubani hakuona tofauti kati ya gunia na sanduku. Aliangalia kilo na malipo.

Hata hivyo filamu ina kasoro, tena kubwa. Mwafrika ndani yake ni rais kichaa, au mnunuzi, au maiti. Hayupo mbebaji. Baba yangu mkubwa alibebeshwa masanduku ya risasi porini siku mbili, na kundi ambalo hakulijua hata jina. Pembeni mwa sanduku kulikuwa na maandishi ya lugha asiyoisoma. Mtu kama huyo Yuri hakumwona kamwe, na kamera pia haikumwona.

Tena filamu inatupa nafasi ya kusingizia watu wa mbali peke yao. Baraza la Usalama liliweka marufuku ya silaha mashariki mwa Kongo mwaka 2003, lakini wataalamu wake wamerudia kuandika kwamba silaha nyingi za makundi zilitoka kwenye maghala ya jeshi la nchi yetu wenyewe: nyingine zilitekwa, nyingine ziliuzwa. Hiyo nayo ni sehemu ya safari ya risasi.

Mkataba wa Biashara ya Silaha ulianza kufanya kazi Desemba 2014. Ni jambo jema, lakini mkataba unahitaji ushahidi, na ushahidi mwingine uko humuhumu, kwenye vichwa vya wazee wetu. Nani aliona ndege ikitua usiku? Sanduku lilikuwa la rangi gani, liliandikwaje? Kaeni na wazee wenu, waulizeni polepole, muandike tarehe na mahali. Majina ya watu yaacheni, kwa usalama wao.