Maambukizi Yanavyochangia Ugumba kwa Wanaume

Ndoa inapokaa muda mrefu bila mtoto, macho ya ndugu na jamaa huelekea kwa mwanamke. Yeye ndiye hutangulia hospitali, mara nyingi peke yake, ilhali kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza ugumba kuwa ni kukosa ujauzito baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Kwa mwanamume, mojawapo ya vyanzo vinavyotibika vikiwahiwa ni maambukizi katika njia ya uzazi.

Mbegu zitokapo kwenye korodani hupevukia katika mrija mwembamba uliojikunja, uitwao epididimisi, ambao ukinyooshwa hufikia takribani mita 6. Vimelea vya kisonono na klamidia huweza kupanda kutoka njia ya mkojo hadi humo. Mrija huvimba na kuuma, kisha huweza kubaki na kovu linaloziba njia. Pande zote mbili zikiziba, shahawa hutoka bila mbegu hata moja, ingawa korodani zinaendelea kuzitengeneza. Antibaiotiki huua vimelea, kovu hazilifuti.

Aidha, chembechembe nyeupe za damu zinapopambana na vimelea hutoa kemikali kali za oksijeni. Kemikali hizo hazibagui: huharibu utando wa mbegu pamoja na vinasaba vilivyomo. Matumbwitumbwi nayo, yakimpata mwanamume baada ya balehe, huweza kushambulia korodani zenyewe na kuzisinyaza.

Ugumu uliopo ni kwamba klamidia mara nyingi haioneshi dalili. Anayepata maumivu wakati wa kukojoa, usaha au uvimbe wa korodani afike kituo cha afya badala ya kujinunulia dawa dukani bila vipimo. Maumivu makali ya ghafla ya korodani yasisubiri kupambazuke, kwa kuwa huenda imejisokota na kuhitaji upasuaji ndani ya saa chache.

Maambukizi ya zinaa yakithibitika, wenza wote wawili hutibiwa na kumaliza dozi, vinginevyo huambukizana upya. Kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kipimo cha shahawa kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi.