Kingamwili za Mama, Masikio ya Mtoto: Sitomegalovirusi kwa Wanawake wa Fordsburg

Mwanamke aliyekulia Mogadishu, Karachi au Kairo, kisha akahamia Fordsburg, mtaa wa Johannesburg, Afrika Kusini, yaelekea sana alikwisha kuambukizwa sitomegalovirusi (CMV) tangu utotoni. Kirusi hiki hupitia maziwa ya mama, mate, mkojo na ngono, na kikishaingia mwilini hakitoki. Hulala, na pengine huamka. Uchambuzi wa tafiti za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba 86% ya wanawake wenye umri wa kuzaa wana kingamwili zake. Kiwango cha juu kabisa, 90%, kilikuwa katika kanda ya Mashariki ya Mediterania ya Shirika la Afya Duniani, na ndani yake zimo Somalia, Pakistani na Misri. Cha chini kabisa, 66%, kilikuwa Ulaya.

Fordsburg imejaa watu wa asili hizo. Wafanyabiashara wa asili ya India waliofukuzwa mtaa wa Pageview kwa sheria ya kutenga maeneo kwa rangi walihamishiwa maduka ya Oriental Plaza miaka ya 1970. Baada yao wamekuja Wapakistani, Wabangladeshi, Wamisri na Waafrika wa Mashariki, na jirani pale Mayfair wapo Wasomali wengi, baadhi yao waliopitia Kenya. Mtaa kama huu hausomwi kwa wastani wa Ulaya.

Kutokana na takwimu hizo wengi hufikia hitimisho ambalo nalipinga: kwamba ikiwa karibu kila mama ana kinga, watoto wako salama, na CMV ni tatizo la nchi tajiri. Msingi wa hoja hiyo unajulikana. Mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni kwa takriban 30 hadi 40%. Aliyekuwa na kirusi kabla ya mimba humpitishia kwa karibu 1% tu. Lakini asilimia moja hiyo, mahali ambapo karibu wanawake wote wanacho, hugusa mimba nyingi mno. Tena kingamwili hazizuii kirusi cha zamani kuamka, wala hazizuii aina nyingine ya kirusi hicho hicho kuingia juu ya ile ya kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2021 ulionyesha matokeo yake waziwazi: katika nchi tajiri watoto 0.48% huzaliwa na CMV, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati 1.42%, karibu mara tatu. Takriban mmoja kati ya watano wa watoto hao hubaki na madhara ya kudumu, na uziwi ndio unaoongoza. Pale kingamwili zilipo nyingi, ndipo watoto wengi zaidi huzaliwa nacho.

Afrika Kusini ina jambo la ziada. Mwaka 2019 karibu 30% ya wajawazito waliohudhuria kliniki za umma walikuwa wakiishi na VVU. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2014 ulipima watoto wa akina mama wenye VVU waliokuwa wakipewa ARV wakati wa ujauzito, na 2.9% walizaliwa na CMV. Soweto nako, katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, watoto wa akina mama wenye VVU walionekana kuzaliwa na CMV mara nyingi zaidi kuliko wa akina mama wasio nayo.

Ndiyo maana sioni faida ya kumpima kila mjamzito wa Fordsburg kingamwili za IgG. Jibu litakuwa chanya karibu kila mara, na halisemi lolote juu ya mimba iliyopo. Kibaya zaidi, jibu hilo chanya huweza kusomwa kama ugonjwa. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba hubebeshwa lawama ya kirusi ambacho wifi yake na mama mkwe wake wanacho vilevile, na pesa za familia huishia kwenye vipimo vya kurudiarudia na dawa asizozihitaji. Daktari anayeagiza kipimo hicho anapaswa kwanza kujua atafanya nini na jibu lake.

Kipimo chenye manufaa ni cha mtoto: mate yake, yatafutwe kirusi kwa njia ya PCR ndani ya siku 21 za kwanza, na likitoka jibu chanya lithibitishwe kwa mkojo. Muda huo ni mfupi kwa sababu ya msingi. Kwetu watoto wengi huambukizwa kwa maziwa ya mama miezi ya mwanzo, maambukizi ambayo kwa mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kawaida hayana madhara wala si sababu ya kuacha kunyonyesha. Siku 21 zikipita, huwezi tena kutofautisha aliyezaliwa nacho na aliyekinyonya. Na kutofautisha kuna maana, kwa kuwa jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba miezi sita ya dawa ya valgansiklovia kwa watoto wenye dalili, ikianzishwa ndani ya mwezi wa kwanza, husaidia usikivu kwa kiasi na ukuaji wa akili. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilianza kupima watoto wote mwaka 2023.

Sidai hayo yote leo. Kwa akina mama wa Fordsburg wanaojifungulia Rahima Moosa, hospitali ya Coronationville iliyo umbali mfupi kutoka hapo, hatua ya kwanza ingekuwa kuwachukua mate watoto wanaoshindwa kipimo cha masikio, wanaozaliwa na kichwa kidogo au uzito mdogo usioelezeka, na wale wa akina mama wenye VVU. Watakaokutwa nacho wapimwe masikio tena na tena hadi umri wa kuanza shule, kwa kuwa usikivu unaoharibiwa na CMV huweza kuwa timamu siku ya kuzaliwa na kupotea miaka kadhaa baadaye.