Kuzoesha Kikonyo: Jua, Upepo na Urefu wa Usiku

Kaskazini mwa California kuna kaunti tatu, Humboldt, Mendocino na Trinity, ambazo Wamarekani wamezipa jina la pamoja la Pembetatu ya Zumaridi. Huko Mei ni mwezi wa kubeba trei. Vikonyo vya bangi vilivyooteshwa mizizi chini ya taa wakati wa baridi hutolewa nje vikakue kwa jua la bure hadi mavuno ya Oktoba. Kazi hiyo ni halali kwa mwenye leseni, na tangu kura ya Novemba 2016 mtu mwenye miaka 21 au zaidi anaruhusiwa kuotesha mimea sita nyumbani kwake. Tanzania na Kenya kilimo hiki bado ni kosa la jinai, kwa hiyo msomaji wa Tanga au Kisii achukue makala haya kama somo la lugha na botania. Swali langu ni la istilahi: kuutoa mche kwenye raha ya ndani na kuuingiza kwenye taabu ya nje tunakuitaje, na je, jina tulilo nalo linabeba kazi yote?

Majina tunayo, tena ya kutosha. Bwana shamba akizungumzia miche ya nyanya au kabichi atakwambia uikomaze wiki moja kabla ya kuipandikiza: punguza maji, punguza nyasi za kichanja kidogo kidogo, mpaka siku za mwisho miche ishinde juani. Mwingine atasema kuiimarisha. Wengine husema kuigumisha, na hapo wanalisogelea neno la Kiingereza, ambalo maana yake hasa ni kukifanya kitu kiwe kigumu. Na wapo wanaosema kuizoesha tu. Kwa nyanya, chagua lolote, hutaharibu kitu. Kwa kikonyo cha bangi tofauti iliyopo kati ya maneno haya inaweza kumgharimu mkulima mwezi mzima wa msimu.

Kwanza kikonyo chenyewe. Mwaka 1903 Herbert Webber wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alipendekeza neno la kuita kundi la mimea iliyotokana na mmea mmoja kwa vipande, bila mbegu. Alilichukua kwenye Kigiriki, ambako lilimaanisha kijiti au kitawi. Sasa dunia nzima inalitumia, na kwa Kiswahili tunaandika kloni. Lakini wakulima wa kahawa wa Tanzania walishajipatia lao: mche uliozalishwa kwa kipande cha mkahawa bora wanauita kikonyo, na bustani ya kukatia vipande hivyo ni bustani mama. Mzanzibari akisikia kikonyo atawaza karafuu, maana makonyo ndiyo vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na Pemba hukamuliwa mafuta. Kahawa na karafuu zimekutana kwenye kijiti kile kile cha Mgiriki. Kwa hiyo kloni nawaachia watu wa maabara. Anayeshika mkasi na trei nampa kikonyo.

Kikonyo kinazaliwaje? Unakata ncha ya tawi la mmea mama, unaichovya kwenye homoni ya mizizi, unaichomeka kwenye sponji au udongo mwepesi, unaifunika kwa kifuniko cha plastiki kinachotunza unyevu. Baada ya wiki moja mbili inatoa mizizi. Katika muda huo wote haijaonja upepo. Hewa ni ya unyevunyevu, joto halipandi wala halishuki, na mwanga wa taa zake ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua la mchana. Jani linalokua katika mazingira hayo halijengi ulinzi ambao halijauhitaji. Utando wake wa nta ni mwembamba. Stomata, yaani vile vitundu ambavyo jani hupumulia, hazijawahi kulazimika kujifunga haraka ili kuokoa maji. Taa nyingi za ndani hazitoi miale ya urujuanimno, au hutoa kidogo mno, hivyo hata kinga ya kemikali dhidi ya miale hiyo ni haba.

Kiweke kikonyo hicho juani saa sita mchana uone. Jioni majani ya juu yamelegea. Kesho yake sehemu zilizokuwa kijani kati ya mishipa zimepauka, na ukizigusa zinakwaruza kama karatasi. Hapo maji hayasaidii, maana jani lililokwisha kuungua halirudi. Mmea utapona kwa majani mapya tu, yatakayochipuka yakiwa tayari juani na kujengwa mazito tangu mwanzo. Hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka. Kuzoesha hakuwezi kuligeuza sana jani la zamani. Kunalisaidia liishi hadi jani jipya lishike kazi, ndiyo maana zoezi hili huchukua siku saba hadi kumi na nne na huwezi kulimaliza kwa mchana mmoja. Siku ya kwanza kivulini saa moja au mbili, kisha jua la asubuhi, ambalo ni pole, kisha mchana kwa vipindi, na mwishoni kulala nje kabisa. Na kama siku ya kwanza kuna mawingu, shukuru Mungu, umepata msaidizi.

Upepo nao una zamu yake. Mwaka 1973 mtaalamu wa fiziolojia ya mimea Mark Jaffe alieleza jinsi shina linaloguswa au kutikiswa mara kwa mara linavyopunguza urefu na kuongeza unene, akalipa tukio hilo jina refu la kutisha ambalo sitajaribu kulitafsiri. Wakulima wa ndani huweka feni kwa sababu hiyo, lakini feni inasukuma upande mmoja na upepo wa mlimani hauna adabu hiyo. Tena kikonyo hakina mzizi mkuu. Mche wa mbegu huzama chini kwa mzizi mmoja wenye nguvu, hali kikonyo kina shungi la mizizi iliyotoka kwenye kidonda cha shina. Upepo nao kizoeshe kidogo kidogo vivyo hivyo, ila kijiti cha kuegemea usisahau.

Mpaka hapa kugumisha, kuimarisha na kuzoesha bado yanakwenda sambamba. Linaloniudhi ni kukomaza. Kukomaa ni kufikia umri wa kuzaa: mahindi yamekomaa, embe limekomaa, kijana amekomaa. Mche wa nyanya uliotoka kwenye mbegu juzi ni mtoto kweli, basi kuukomaza ni sitiari ya kumtia mtoto nguvu, nasi tunaelewana. Kikonyo si mtoto. Ukikata tawi la mmea mama mwenye mwaka mmoja, umekata tishu yenye umri wa mama yake, ijapokuwa kimo chake ni shubiri moja. Mche wa bangi wa mbegu hupitia kwanza kipindi cha utoto ambacho, hata ukiuonyesha usiku mrefu, haufanyi haraka kutoa ua. Kikonyo hakina kipindi hicho cha kungojea. Kiko tayari kuzaa leo, na mkulima anachotaka mwezi Mei ni kisizae. Anakitaka kiendelee kutoa majani na matawi hadi Julai. Ukimwambia akakikomaze, umemtuma afanye jambo lile lile analoliogopa.

Bangi nyingi huanza kutoa maua usiku ukirefuka kupita kiwango fulani. Ndani ya chumba mkulima huizuia kwa kuwasha taa saa 18 kila siku na kuacha giza la saa 6. Kwenye vilima vya Humboldt, takriban nyuzi 40 kaskazini, mwanzoni mwa Mei usiku bado unakaribia saa 10. Kikonyo kinatolewa nje, kinalala, na katika hesabu yake usiku umeongezeka ghafla kwa saa nne. Kinasoma kwamba msimu unaisha. Ndani ya wiki chache vitumba vinaonekana kwenye vifundo. Wakati huo huo Juni inaingia, mchana unarefuka hadi karibu saa 15, na mmea unagundua kwamba umedanganywa. Unaanza kurudi kwenye majani, lakini kwa shida. Majani yanatoka na kidole kimoja badala ya vitano au saba, hayana meno pembeni, yamejikunja, na matawi yanasongamana bila mpangilio. Baadaye utakaa sawa, ila wiki kadhaa za jua bora la mwaka zimeshapita.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuona haya yote ni mageni, na ana haki. Saa yetu yenyewe imejengwa juu ya mchana usiobadilika. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu jua kuchomoza, na saa kumi na mbili jioni jua linazama. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa nzima, na Nairobi ni dakika chache tu. Mpeleke Mswahili Garberville tarehe 21 Juni, saa za huko zikiwa zimesogezwa mbele kwa majira ya joto, atasema jua linazama saa tatu kasorobo usiku, na atajisikia anasema uongo. Lugha ambayo saa zake zinafuata jua haikuwahi kuhitaji neno la mchana unaonyumbuka.

Kuutaja urefu huo wa mchana, wataalamu huandika fotoperiodi, na neno lina historia nzuri. Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa Wizara ile ile ya Kilimo ya Marekani, walikuwa na tumbaku aina ya Maryland Mammoth iliyokwenda juu majira yote ya joto bila kutoa ua hata moja. Walijaribu kuiingiza kwenye kibanda cha giza kabla jua halijazama, ikatoa maua. Wakachapisha matokeo mwaka 1920 na kuanzisha istilahi inayotaja muda wa mwanga. Baadaye, mwaka 1938, Karl Hamner na James Bonner walifanyia majaribio gugu liitwalo Xanthium. Walikata mchana kwa giza fupi, gugu halikujali. Walikata usiku kwa mwanga mfupi, likakataa kutoa ua. Mmea ulikuwa unapima giza. Kiingereza kilikuwa kimeshazoea jina la mwanga, kimebaki nalo, na vitabu vyake vinaendelea kuiita mimea hii mimea ya mchana mfupi, kisha mwalimu anatumia kipindi kizima kueleza kwamba jina linapotosha.

Sisi hatulazimiki kuurithi mkanganyiko huo. Muda-nuru, ambao nimeuona ukipendekezwa na watu wa tafsiri, unasikika vizuri lakini unaendeleza kosa. Nasema urefu wa usiku, na mimea kama bangi iitwe mimea ya usiku mrefu. Hapo mkulima mwenyewe anaelewa kwa nini balbu moja hafifu ikiwashwa dakika kadhaa katikati ya usiku inazuia maua, wakati kuongeza taa kali mchana hakuzuii chochote. Kitendo hicho nakiita kukatiza usiku. Wakulima wa California hukifanya wakitoa vikonyo mapema: hutundika balbu ndani ya mahema ya plastiki hadi usiku wenyewe upungue. Wengine huanzia ndani, wakipunguza saa za taa polepole kutoka 18 hadi ziwiane na za nje, ili siku ya kutoka pasiwe na mruko. Hiyo pia ni kuzoesha, na kugumisha hakuwezi kuibeba, maana hakuna kinachofanywa kigumu. Wanaosubiri hadi mwishoni mwa Mei au Juni hawahitaji hata balbu.

Isidhaniwe kwamba istilahi hizi ni za nchi za baridi pekee. Ukipita usiku karibu na Entebbe, kandokando ya Ziwa Viktoria, utakuta mashamba ya maua yamewashwa taa. Ndani mna mimea mama ya krisanthemu, inayokatwa vipandikizi kwa ajili ya Ulaya. Krisanthemu nayo ni mmea wa usiku mrefu, na usiku wa Uganda, wenye saa 12 mwaka mzima, ungeilazimisha kutoa maua kabla mkasi haujaifikia. Rwanda, ambayo mwaka 2021 iliweka kanuni za kulima bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, iko kwenye usiku huo huo: kikonyo kilicholetwa kutoka nyuzi 40 kaskazini kikiachwa bila taa kitachanua kikiwa kimo cha goti. Na mbaazi za muda mrefu za Lindi, ambako usiku wa Juni unauzidi ule wa Desemba kwa kama saa moja na kidogo, hungoja tofauti hiyo ndogo ili zichanue, bila kujali sana zilipandwa lini.

Kuna pia kinyume chake, nacho kinastahili jina. Mkulima wa Humboldt anayetaka kuvuna Agosti badala ya Oktoba huvuta turubai jeusi juu ya hema jioni, jua bado linawaka, na kulifungua saa kumi na mbili baadaye. Ni kibanda cha giza cha Garner na Allard, kimeongezwa ukubwa tu. Huku ni kurefusha usiku. Sharti lake ni moja: turubai lisiwe na tundu, kwa sababu mwanga unaopenya unatosha kukatiza usiku na kuuchanganya mmea kwa mara ya pili.