Nchi Ipi, au Lango Lipi? Serengeti Ikitazamwa kutoka Mwamapalala

Mtu anayepanga kwenda kutazama wanyama Afrika kwa mara ya kwanza huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: nchi ipi? Mawakala wa utalii wana majibu tayari. Afrika Kusini humfaa anayetaka kuendesha gari mwenyewe, maana Kruger ina barabara za lami. Botswana ni ya mwenye fedha nyingi asiyependa kusongamana na wenzake. Rwanda na Uganda zina gorila wa milimani, Kenya inafikika kwa urahisi, Tanzania ina Serengeti. Majibu hayo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba yanamchukulia mnyama kama bidhaa iliyopangwa kwenye rafu ya taifa fulani, ikimsubiri mnunuzi, na hayamwambii mnunuzi huyo ni kitu gani kinachomfanya mnyama awepo hapo mwaka hadi mwaka.

Makala haya yanadai kwamba nchi ni kipimo dhaifu cha kuchagulia safari ya aina hii. Kipimo chenye maana zaidi ni ukingo wa hifadhi: nani anaishi pale, anafanya nini kinachowawezesha wanyama kuishi, na anapata nini kutokana nao. Mfano wangu ni upande wa Serengeti ambao wakala wa Arusha au Nairobi hautaji mara nyingi, yaani mkoa wa Simiyu, na ndani yake Mwamapalala katika wilaya ya Itilima. Mkoa huu ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba, mtama na viazi vitamu, wafugaji wa ng'ombe. Upande wa mashariki wilaya inapakana na Pori la Akiba la Maswa, ambalo ni ngao ya Serengeti kusini-magharibi. Mtu wa Mwamapalala yuko karibu na Serengeti kuliko mtu wa Arusha, ila katika ramani ya utalii yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mbali.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Nyumbu wa Serengeti wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Miezi ya Januari hadi Machi huzalia kwenye nyika za nyasi fupi za kusini, kuzunguka Ndutu, na mvua zikiwa nzuri baadhi yao huingia Maswa. Mei na Juni hupanda kuelekea ukanda wa magharibi na mto Grumeti, kisha kaskazini hadi Maasai Mara, na kuanzia Oktoba hurudi. Katika mzunguko mmoja wamekuwa Tanzania na Kenya, katika hifadhi ya taifa, pori la akiba, hifadhi ya kaunti na ardhi za vijiji. Anayeuliza kama nyumbu waonwe Kenya au Tanzania anauliza, kwa hakika, watakuwa wapi wiki atakayopata likizo. Kalenda humjibu vizuri kuliko pasipoti.

Hata hivyo mpaka wa kisiasa si kitu cha kupuuzwa, maana ndio unaoamua fedha zinaangukia wapi. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Moja ya manung'uniko yake lilikuwa kwamba wageni waliletwa Serengeti kutoka Nairobi kwa magari ya Nairobi, wakalala usiku mmoja au miwili, wakarudi Nairobi na pochi zao. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ya Bologonja, inayounganisha Serengeti na Mara moja kwa moja, haikurudishiwa watalii. Vivyo hivyo, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha viza ya pamoja ya utalii mwaka 2014, Tanzania ilibaki nje. Nitarudi kwenye Bologonja, kwa sababu mtu wa Simiyu ana sababu za kuitazama kwa jicho tofauti na la wakala.

Sasa niseme lile ambalo, kwa maoni yangu, vitabu vya kuongozea wageni vimeshindwa kabisa kulisema. Wingi wa nyumbu ambao leo unauzwa kama maajabu ya asili si wa tangu na tangu. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi usiosemeka, pamoja na nyati na nyumbu. Wafugaji walikufa njaa au wakahama, vichaka vikaota palipokuwa na malisho, mbung'o wakavifuata. Sehemu ya upweke ambao wazungu waliukuta na kudhani ni Afrika kama ilivyoumbwa ilikuwa tanga la msiba. Mwanahistoria Jan Shetler, katika utafiti wake kuhusu jamii za magharibi ya Serengeti uliochapishwa mwaka 2007, ameonyesha jinsi Waikoma, Wanata na majirani zao wanavyoikumbuka nyika hiyo kama mahali penye mahame, visima na njia zenye majina. Upande wa Wasukuma, serikali ya kikoloni iliwatumia watu kufyeka vichaka vya mbung'o huko Shinyanga tangu miaka ya 1920 chini ya afisa wake Charles Swynnerton, na makazi yakasogea mashariki kadiri vichaka vilivyorudi nyuma.

Sotoka iliendelea kuwatafuna ndama wa nyumbu hadi miaka ya 1960. Kilichowaokoa ni sindano za ng'ombe. Chanjo ya mifugo katika wilaya zinazoizunguka Serengeti ilikata mnyororo wa maambukizi, na mwaka 1963 hivi ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu. Idadi yao, iliyokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa muongo huo, ilifika milioni 1.3 mwaka 1977. Huenda hakuna hatua nyingine katika historia ya uhifadhi wa Serengeti iliyozalisha wanyama wengi hivyo, na ilifanyika josho kwa josho, nje ya mpaka wa hifadhi, juu ya mifugo ya watu ambao leo wanaelezwa kama tishio.

Habari ya simba inafanana na hiyo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao chanzo chake ni mbwa wa nyumbani, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi. Tangu hapo mbwa wa vijijini kandokando ya hifadhi wamekuwa wakichanjwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Aliyewahi kushuhudia siku ya chanjo anajua ilivyo: watoto wanawaburuta mbwa kwa kamba za katani hadi uwanja wa shule, mbwa wanagombana foleni nzima, mtaalamu wa mifugo anachoma sindano na kumwandikia mtoto cheti, na mtoto anakimbia nacho nyumbani kama aliyefaulu mtihani. Mtalii aliyelipa maelfu ya dola kumpiga picha simba juu ya jiwe hajui kwamba mtoto yule naye ni mhifadhi. Simlaumu, hakuna aliyemwambia.

Ikiwa wanyama wanategemea ukingo kiasi hicho, basi kulinganisha nchi kunapaswa kuanzia namna kila moja inavyoutendea ukingo wake. Hapo orodha za mawakala hubadilika sura. Namibia, kwa sheria ya mwaka 1996, iliwapa wanavijiji waliojiunga katika hifadhi za jamii haki ya kunufaika na wanyama. Kuzunguka Maasai Mara wenye ardhi huwakodishia wawekezaji na kulipwa kodi ya pango, iwe wageni wamejaa au hawakuja. Rwanda ilipopandisha kibali cha gorila hadi dola 1,500 mwaka 2017, ilipandisha pia mgawo wa jamii jirani kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato ya utalii. Uganda hutenga asilimia 20 ya ada za malangoni. Tanzania kwa upande wake ina Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliyozaa jumuiya za hifadhi za wanyamapori, ikiwamo Makao katika wilaya ya Meatu, jirani na Itilima. Tofauti kubwa iko kwenye ardhi. Mmasai wa Mara ana hati ya kipande chake, anaweza kukikodisha au kukataa. Kwetu ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini, na kijiji kinaisimamia. Anayetaka mfano wa Mara upandwe Simiyu kama mbegu ya pamba hajasoma sheria za ardhi za mwaka 1999.

Lakini mizani halisi ni usiku mmoja wa Aprili, mtama ukiwa umetoa masuke. Tembo wanapotoka porini, wenye mashamba hulala nje. Wana tochi, madebe ya kugonga, mioto ya kinyesi kilichochanganywa na pilipili, na wengine wamezungusha kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Siku nyingine inasaidia. Ikishindikana, asubuhi mwenye shamba huenda kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa wanyamapori hufika kupima hasara. Kwa Kanuni za mwaka 2011 kuhusu hasara za wanyama hatari, malipo yake yanaitwa kifuta jasho, na akifa mtu, kifuta machozi. Kisheria si fidia. Kanuni hizo ziliweka kwamba shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi kitu. Lililo mbali zaidi ya hapo lililipwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali, na ekari zilizozidi tano hazikuhesabiwa. Kwa hiyo aliyekaa karibu zaidi na tembo ndiye aliyelipwa kidogo zaidi. Mantiki ya kisheria inaeleweka, kwamba mtu asivutwe kulima mpakani. Ila vijiji vingine vilikuwapo kabla ya mipaka kuchorwa, na mipaka ya Maswa yenyewe imewahi kubadilishwa zaidi ya mara moja.

Piga hesabu. Kwa viwango hivyo, mwenye ekari tatu katika daraja la chini alipata shilingi 75,000, zilipofika. Ada ya mgeni mmoja asiye mkazi kuingia Serengeti, msimu wa wageni wengi, imekuwa dola 70 kwa siku kabla ya kodi, zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa kifo, kanuni hizo ziliweka shilingi milioni moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka shilingi milioni 5 za Kenya, ambazo ni makumi ya mara ya zile. Kabla hatujaipigia Kenya makofi, tukumbuke kwamba madai mengi huko yamekaa miaka bila kulipwa, hata limbikizo likafikia mabilioni. Ahadi kubwa isiyotimizwa na ahadi ndogo iliyochelewa, sijui mjane angechagua ipi.

Nitapingwa kwamba mtalii si afisa ustawi wa jamii. Amejinyima miaka kadhaa aone chui, na wajibu wa kugawana mapato ni wa serikali. Hoja hii ina nguvu, na ingekuwa imemaliza mjadala kama uchaguzi wa mtalii usingekuwa na matokeo. Lakini unayo. Mgeni anayetoka Arusha hupita Ngorongoro, na hulipa ada ya kuingia huko hata kama anapita tu kwenda Serengeti. Hulala Karatu, hununua vinyago Mto wa Mbu. Anayeteremka Mwanza husafiri kama kilomita 140 tu hadi lango la Ndabaka, karibu na Lamadi wilayani Busega, bila kugusa Ngorongoro. Ni hifadhi ileile, nyumbu walewale. Anachobadilisha ni mikono inayopokea fedha yake njiani: mama lishe, mwenye nyumba ya wageni, fundi wa matairi.

Magharibi kuna taabu zake pia, na sitazificha. Mbung'o wanauma. Udongo mweusi wa mbugani, mvua ikishanyesha, humeza gari hadi ekseli. Miezi ambayo nyumbu wako kusini au kaskazini mgeni anaweza kuzunguka muda mrefu akaona twiga na swala tu. Lakini Juni hali ni nyingine kabisa. Nyumbu wako ukanda wa magharibi, njia zimekauka, na Usukuma ndio kwanza umemaliza mavuno, msimu wa ngoma umeanza. Vyama vya ngoma vya Wagalu na Wagika vinashindana, Bayeye wanacheza na chatu mabegani, na huko Bujora, nje kidogo ya Mwanza, kuna sherehe za Bulabo. Sijui nchi nyingine ambayo mambo hayo mawili yanakutana hivyo ndani ya wiki moja, na sijaona kampuni nyingi zinazoyauza pamoja.

Kuhusu Bologonja. Wakala wa Nairobi huilalamikia kila mwaka: wateja wake wako Mara, Serengeti inaonekana kwa macho, na bado inabidi wazunguke hadi Isebania na Sirari. Wengine wakishavuka hukatiza Mugumu kuelekea Ikoma. Wengine huteremka barabara ya Musoma hadi Lamadi na kuingia Ndabaka. Mzunguko huo ni mojawapo ya njia chache zinazowaleta wageni ukingo wa magharibi bila mtu yeyote kuwashawishi. Njia ya moja kwa moja ikifunguliwa leo, magari yatavuka mpaka na kurudi baada ya usiku mmoja au miwili kama kabla ya 1977, na Busega, Bariadi na Itilima zitabaki na tembo. Wanaodai ifunguliwe kwa jina la ujirani wa Afrika Mashariki wanapaswa kwanza kueleza sehemu gani ya ada itakayokatwa pale mpakani itafika kwenye meza ya afisa wanyamapori kule Lagangabilili, makao makuu ya Itilima, na kwa fungu lipi la bajeti.